Nyanda za Juu na Hesabu ya Kuhama Kamera

Mzee aliyenifundisha kazi mjini Iringa alitumia Yashica-Mat, kamera ya lenzi mbili iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1957. Mkanda wa 120 ulimpa picha 12 za mraba, na zote alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza nyuma ya studio. Lenzi za kamera ile hazifunguki, kwa hiyo hakuna aliyeumiza kichwa kuhusu kuhama mfumo. Kilichoumiza kichwa ni mkanda. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na mikanda, karatasi na dawa vikaadimika kama sukari na sabuni. Mteja wa pasipoti alipigwa mara moja tu; akifumba macho, shauri yake.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na madukani vitu vikaanza kurudi. Mikanda ya rangi ya milimita 35, yenye picha 36, ikatufikia. Rangi hatukuweza kuisafisha wenyewe, tukaituma Dar es Salaam kwa basi na kungoja. Mashine za kusafisha rangi zilipofika mjini kwetu, Yashica ikaingia kabatini bila ubovu wowote. Haikushindwa na kamera nzuri kuliko yenyewe. Ilishindwa na mashine ya jirani, ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo tulipoanza kuchagua ukoo wa lenzi. Nikon ilikuwa na mfungo mmoja wa lenzi tangu 1959. Canon iliubadilisha wa kwake mwaka 1987, na wenye lenzi za FD wakaona kamera mpya hazizipokei. Mimi nilikwenda Nikon, kwa sababu lenzi kuukuu zilipatikana Kariakoo na fundi wake alikuwepo. Digitali ilipotuzidi nguvu, nilihama mkanda bila kuhama lenzi. Mwaka 2012, Kodak ilipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, wengi wetu tulikuwa tumeshafunga vyumba vya giza.

Sasa kijana ninayefanya naye kazi hapa Mbeya anataka tununue kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Hoja anayo: Nikon ilitoa D780 na D6 mwaka 2020, na tangu hapo haijatoa kamera nyingine ya kioo. Ila kazi yetu siku hizi ni picha za bidhaa: mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi, na vikapu vya milulu wanavyosuka akina mama wa Kihehe. Kikapu hakikimbii. Kamera iko juu ya stendi, tundu la lenzi limebanwa hadi f/11, na kulenga ninalenga kwa mkono. Adapta ya Nikon ya kufungia lenzi zetu kwenye kamera zake za Z zisizo na kioo, FTZ, haina mota ya kuzungusha lenzi za zamani za AF-D, kwa hiyo Micro-Nikkor yangu ya milimita 60 itapoteza ulengaji wa kujiendesha, kitu nisichokitumia. D750 yangu ya kioo ina nukta milioni 24, zinazotosha bango la A3. Betri yake inaingia hata kwenye Z6.

Kinachonitia wasiwasi ni rangi. Muuza vikapu anataka hudhurungi ya milulu ya mwaka huu ifanane na ya orodha ya bidhaa ya mwaka jana. Ukibadilisha kamera, inabidi upime rangi upya kwa kila bidhaa uliyokwisha kuipiga, na kazi hiyo mteja hailipii.

Nikitazama nyuma, sioni hata mara moja tulipohamishwa na kamera mpya. Tulihamishwa na mkanda uliokosekana, mashine iliyofunguliwa jirani, au mteja aliyetaka picha kwenye simu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana nimemwambia tuangalie vipuri: fundi akianza kukosa shata ya D750, tutanunua Z moja na FTZ, lenzi zibaki. Kwa sasa fedha iliyopo inanunua taa ya pili na kadi ya kupimia rangi. Amenuna kidogo, lakini taa ameichagua yeye.