Pembe za Unyanyembe na Papa wa Pwani: Funzo la Biashara Isiyohesabu Uhai

Katika karne ya 19, eneo la Tabora lilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, na bidhaa iliyoistawisha njia hiyo ilikuwa pembe za ndovu. Historia ya biashara hiyo inastahili kusomwa upya na wote wanaopanga vipaumbele vya uhifadhi wa papa na taa katika pwani ya Tanzania, kwa kuwa tembo na samaki hao, ingawa hawaishi pamoja, wana udhaifu wa aina moja: hukawia kukomaa na wengi wao huzaa watoto wachache, hivyo idadi yao ikishapungua huhitaji miaka mingi kurejea.

Burton na Speke walipofika Kaze, jina la zamani la Tabora, mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiwa wamekwisha kujenga makazi Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi ambamo Kaze ilikuwamo. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mtemi, yaani mtawala wa nchi, alikuwa na haki ya kupewa pembe moja ya kila tembo aliyeuawa katika ardhi yake. Soko la pwani, hata hivyo, lilipima kwa frasila, kipimo cha uzito kinachokaribia kilo 16, na mizani hiyo ilimweleza mnunuzi bei ya mzigo uliotuliwa na wapagazi bila kumweleza ni tembo wangapi waliouawa, wala kama walikuwa majike wenye mimba, ambayo kwa tembo huchukua takribani miezi 22. Tembo walipopungua jirani, wawindaji na wafanyabiashara, Tippu Tip akiwa miongoni mwao, walisogea magharibi hadi Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Na kwa kuwa pembe ziliendelea kufika pwani, soko halikuonyesha kwamba nchi za nyuma zilikuwa zimekwisha kuvunwa.

Sheria ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa kanuni za uwindaji zilizodai leseni na kutenga maeneo ya hifadhi, wakati ambapo makundi mengi ya tembo yalikuwa yamekwisha kuangamizwa. Nyika ya Ugalla, kusini-magharibi mwa Tabora, ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na sehemu yake ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2019.

Papa nao wana historia ndefu katika biashara hiyohiyo ya Bahari ya Hindi. Majahazi yaliyosafirisha pembe kutoka Unguja yalipakwa sifa, yaani mafuta yanayotokana na maini ya papa, ili mbao zisiharibiwe na jua na maji ya chumvi, na pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Oman na Hadhramaut vikiwa na shehena za papa mkavu. Wavuvi wa pwani walitumia, na bado wanatumia, jarife, wavu wa matundu makubwa unaonasa papa na taa, nayo mahitaji ya mapezi katika masoko ya Asia yaliongeza thamani ya samaki hao.

Kosa la mizani ya frasila limejirudia katika uvuvi huu. Kwa miongo mingi takwimu za uvuvi zimewajumuisha papa na taa katika kundi moja na kuandika uzito wao tu, ilhali samaki akishakatwa kichwa na mapezi ni vigumu kumtambua. Jumla ya tani inaweza kubaki vilevile wakati spishi moja inatoweka na nyingine inachukua nafasi yake wavuni. Taa wakubwa wa jamii ya manta kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa wakati, na duniani kote zaidi ya theluthi moja ya spishi za papa na taa ziko katika hatari ya kutoweka.

Kwa hiyo kipaumbele cha kwanza cha utafiti ni kuandika kila spishi, jinsia na urefu wa samaki pale dikoni anaposhushwa, kabla hajakatwa, wavuvi wenyewe wakishirikishwa kwa kuwa ndio wanaojua majina na majira. Cha pili ni kuyatambua mazalia, maeneo ya maji ya kina kifupi ambamo watoto hukulia, ili yafungwe kwa jarife katika miezi ya kuzaa. Usimamizi, hata hivyo, hauwezi kungoja takwimu zikamilike: papa upanga, ambaye Mkataba wa CITES uliiwekea biashara yake ya kimataifa vizuizi vikali mwaka 2007, anahitaji ulinzi sasa, pamoja na njia mbadala ya kipato kwa anayeambiwa amwachie. Unyanyembe inafundisha kwamba wingi wa bidhaa sokoni si ushahidi wa wingi wa viumbe, na kwamba kanuni inayosubiri soko lionyeshe upungufu hukuta kiumbe chenyewe kimekwisha.