Trei ya Punje na Zana Zake: Istilahi za Picha za Kubandika

Miongoni mwa kazi za mikono zilizoenea sana duniani katika miaka ya karibuni ni ile ya kutengeneza picha kwa kubandika maelfu ya vipande vidogo vya plastiki vinavyometameta juu ya kitambaa chenye gundi, kazi ambayo kwa Kiingereza hutajwa kwa maneno yenye maana ya "uchoraji wa almasi". Jina hilo lina kasoro mbili ambazo hazihitaji utafiti kuzigundua: hakuna almasi inayotumika, na hakuna anayechora. Vipande hivyo hutengenezwa kwa resini au akriliki, na picha yenyewe huwa imekwisha kuchapwa kwenye turubai pamoja na alama zinazoonyesha ni rangi ipi ikae wapi, kwa hiyo mwenye kuifanya kazi hiyo hujaza tu vyumba vilivyokwisha kupangwa. Kwa msomaji wa Tanzania, ambaye neno almasi humpeleka moja kwa moja Mwadui mkoani Shinyanga, ambako mgodi ulitokana na ugunduzi wa mwaka 1940, tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa ahadi ya uongo. Inafaa zaidi kusema "picha ya kubandika" au, kwa usahihi zaidi, "picha ya punje", na sababu za kulichagua neno punje zitaelezwa kabla ya kuifikia zana ambayo ndiyo kiini cha makala haya, yaani trei.

Kipande kimoja cha plastiki kinachobandikwa kina upande mmoja bapa, ambao hulala kwenye gundi, na upande wa pili wenye mikato midogo inayorudisha mwanga, ambao hutazama juu. Vipo vya mraba, ambavyo kwa kawaida huwa na upana wa milimita 2.5, na vya duara, ambavyo kipenyo chake ni takriban milimita 2.8. Jambo la kushangaza ni kwamba Waingereza na Wamarekani wanaoshughulika na kazi hii hukiita kipande hicho kwa jina lilelile la keekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao, ingawa hakitoboi kitu wala hakina tundu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba bidhaa hizi zilitoka China, na katika Kichina alama moja ya maandishi, 钻, hubeba maana ya kutoboa na keekee, na papo hapo hutumika kama ufupisho wa neno la almasi. Mfasiri, au pengine mashine ya kutafsiri, alishika maana isiyohusika, wanunuzi wakaizoea, na kosa likawa istilahi. Mwanaistilahi wa Kiswahili anayetafsiri kutoka Kiingereza bila kuuliza neno lilitoka wapi angelibeba kosa hilo kwa mara ya pili.

Maneno ambayo Kiswahili kingeweza kuyatoa ni mengi, na karibu kila moja lina mahali linapokwama. Shanga ina tundu na hutungwa katika uzi, hali ambayo haimo hapa. Puleki, yaani vile vipande vyembamba ving'aavyo vinavyoshonwa kwenye nguo za sherehe, inakaribia kwa mng'ao wake, lakini nayo hushikwa kwa uzi wala si kwa gundi. Kito kinarudisha lile dai la thamani ambalo limekwisha kukataliwa katika neno almasi. Kijiwe kingefaa kwa umbo, ila katika Kiswahili cha mijini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na mahali ambapo vijana hukutana kupiga soga, na mtu akisoma kwamba "vijiwe vyote vimwagwe kwenye trei" atakuwa na haki ya kucheka. Punje haina matatizo hayo: ni ndogo, huhesabika moja moja ingawa huuzwa na kumiminwa kwa wingi, na huzaa maneno mengine bila taabu, kama vile punje mraba, punje duara na mfuko wa punje. Udhaifu wake mmoja ni kwamba haisemi lolote kuhusu mng'ao, na udhaifu huo unavumilika kwa sababu istilahi haikusudiwi kueleza kila sifa ya kitu bali kukitenga na vingine.

Trei inayoambatana na punje hizo ni kibao chepesi cha plastiki, mara nyingi chenye urefu usiozidi ule wa kiganja, ambacho kingo zake zimeinuliwa kidogo, sakafu yake imechorwa mifuo iliyonyooka inayokwenda sambamba, na pembe yake moja au ncha yake moja imebanwa ikawa mdomo wa kumiminia. Kila sehemu ya umbo hilo ina kazi yake. Punje zinapomwagwa hulala ovyo, nyingine zikiwa zimeelekeza bapa juu, na hizo haziwezi kuokotwa kwa sababu kalamu ya kuokotea ni lazima iguse upande wenye mikato ili upande bapa ubaki huru kwa gundi. Trei ikitikiswa taratibu kushoto na kulia, punje iliyolalia bapa huteleza tu kwa kuwa imekaa juu ya uso mpana na imetulia, ilhali ile iliyolalia mikato huyumba, hugonga ukingo wa mfuo na kupinduka, na ikishapinduka hairudi tena kwa urahisi. Baada ya mitikisiko michache sehemu kubwa ya punje huwa imeelekea upande unaotakiwa, tena imejipanga safu safu ndani ya mifuo, na mpango huo wa safu ndio unaomwezesha mtu kutumia kalamu yenye ncha pana inayookota punje tatu, sita au tisa kwa mkupuo. Mtu akitumia kisahani cha kawaida kisicho na mifuo, punje zitapinduka kwa kubahatisha na safu hazitapatikana kamwe.

Kwa vile kazi ya chombo ndiyo hiyo, jina lake halina budi kupimwa kwayo. Neno linalojitokeza kwanza ni sinia, na historia yake inavutia, kwa kuwa limetokana na Kiarabu, ambamo kwa asili lilimaanisha chombo cha Kichina. Ungedhani basi kwamba kifaa kilichotoka China kingestahili jina lenye China ndani yake. Hata hivyo, sinia katika matumizi ya leo ni chombo kipana cha kupakulia na kuandalia chakula cha watu wengi, na ukubwa pamoja na ukarimu uliomo katika neno hilo haviwezi kufinywa vikatoshea kitu cha plastiki cha urefu wa kiganja. Chano, ambacho ni sinia la mti, kinabeba uzito huohuo wa chakula na shughuli, na tena wako waashi wanaolitumia jina hilo kwa kibao cha kushikia udongo au chokaa wakati wa kupiga lipu, jambo linaloonyesha kwamba neno lenyewe lina kazi za kutosha tayari.

Ungo unahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi, kwa sababu mwendo wa mkono unafanana: anayetayarisha mchele kwenye ungo huutikisa ili chenga na punje nzima zitengane, na Kiswahili kina kitenzi mahususi cha tendo hilo, kupembua, ambacho ni tofauti na kupepeta kunakorusha nafaka juu ili upepo uchukue makapi. Trei ya punje hupembua kwa namna yake, maana katika kutikiswa huko punje zilizovunjika, zilizoungana au zenye kishikizo cha plastiki kilichobaki kutoka kwenye kalibu hujitokeza na kuondolewa. Hata hivyo, lengo kuu la mtikiso huo ni kugeuza punje zielekee upande mmoja, na kutenganisha ni faida ya pembeni, kwa hiyo kuiita trei hiyo "kiungo" kwa maana ya ungo mdogo kungepotosha lengo, mbali na kuligonganisha na kiungo cha mwili na cha mchuzi.

Linabaki neno trei lenyewe, la mkopo, ambalo limekwisha kukaa katika Kiswahili kwa muda mrefu na ambalo mnunuzi wa mayai hulitamka kila anapoagiza trei moja ya mayai 30. Matumizi hayo ya sokoni ndiyo yanayolipa nguvu, kwa kuwa trei ya mayai nayo ni chombo chenye sakafu iliyofinyangwa ili kila kimoja kilichomo kikae mahali pake kikielekea upande unaotakiwa. "Trei ya punje" inafuata mfano uleule wa kisarufi, haihitaji maelezo ya ziada, na inapotajwa mara ya pili katika maelekezo inaweza kufupishwa ikawa trei tu. Kitenzi kinachoandamana nayo kiwe kutikisa, ambacho kila mtu anakijua; kupembua kiachwe kwa waandishi wanaotaka kueleza kwa undani, kwani wasomaji wengi waliokulia mijini hawakukutana nacho.

Kuhusu zana nyingine, Kiswahili kina bahati ya kuwa na kauli ya kutendea, ambayo ikiunganishwa na -a unganifu hutaja kifaa kwa kazi yake bila kulazimika kukopa. Kalamu ya kuokotea si kalamu ya kuandikia, na tofauti hiyo hubebwa na kitenzi. Ncha yake huchomekwa kwenye nta, ambayo mara nyingi ni kipande kidogo cha mraba chenye rangi ya waridi, na unato wa nta hiyo ndio unaoinua punje. Gundi ya turubai, kwa kuwa na nguvu kuliko nta, huinyang'anya kalamu punje hiyo inaposhushwa. Uhusiano huo wa nguvu mbili za kunata hueleza pia kwa nini nta iliyolainika mno kwa joto, kama inavyoweza kutokea mchana wa Mombasa au Tanga, huacha mabaki juu ya punje na kufifisha mng'ao wake. Kibano hutumika kuondoa punje iliyokaa vibaya, na rula ya kunyooshea husukuma safu za punje mraba zilizopinda. Faneli hurudisha punje kwenye kopo la kuhifadhia, ingawa trei yenye mdomo mzuri huifanya faneli isihitajike, na trei yenye kizuizi kidogo cha kufunga mdomo huo, pamoja na mfuniko, huweza hata kuchukua nafasi ya kopo kwa rangi inayotumika mara kwa mara. Ubao wa mwanga, ambao huwekwa chini ya turubai ili alama zionekane, haukuleta ubishi wowote wa kiistilahi.

Tatizo ambalo trei haiwezi kulitatua peke yake ni umemetuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya juu ya plastiki kavu inaposuguana, ambayo huzifanya punje zing'ang'anie kuta za trei au zirukie vidole. Katika nchi zenye majira ya baridi kavu watu hupangusa trei kwa zile karatasi laini zinazotiwa kwenye mashine za kukaushia nguo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako hewa ina unyevu mwingi, chaji hiyo hupotea yenyewe kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni faida ambayo pwani inaipata kufidia ile hasara ya nta.

Umuhimu wa kupanga vizuri trei na makopo huonekana mtu anapopiga hesabu. Turubai lenye eneo la kujazwa la sentimita 30 kwa 40, likiwa la punje mraba za milimita 2.5, lina safu 120 kwa 160, yaani punje 19,200, na punje hizo hugawanyika katika makumi ya rangi ambazo baadhi yake hutofautiana kwa kivuli kidogo tu. Hapo ndipo maneno yanaposhindwa na namba kuchukua nafasi yake: watengenezaji wengi hutumia mfumo wa namba za nyuzi za kudarizia za DMC, kampuni ya Kifaransa iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746, ambamo 310 ni nyeusi popote duniani. Mfumo huo ni istilahi kamili isiyohitaji tafsiri, na mshauri wa lugha anayejaribu kubuni majina ya Kiswahili kwa kila kivuli cha samawati atakuwa anajipa kazi bure. Kinachofaa kutafsiriwa ni jedwali la rangi, yaani ile orodha pembeni ya turubai inayooanisha alama na namba, na lebo zinazobandikwa kwenye makopo na trei.

Aina pekee inayostahili jina la Kiswahili ni punje zilizopakwa utando unaobadilisha rangi kadiri mwanga unavyogeuka. Utando wa aina hiyo ulianza katika vioo vya mapambo vya Swarovski mwaka 1956, kwa ushirikiano na mbunifu wa mavazi Christian Dior, ukapewa jina la nuru za rangi zinazoonekana angani katika nchi za kaskazini ya mbali. Msomaji wa Kiswahili hazioni nuru hizo kwake, na "punje kinyonga" humweleza sifa inayohusika papo hapo.

Istilahi hizi zimependekezwa kwa ajili ya karatasi za maelekezo, lebo za madukani na vipindi vya kazi za mikono shuleni, na nguvu yake itategemea kama wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa hizi kutoka China watakubali kuzichapa kwenye pakiti. Trei ya punje, kalamu ya kuokotea na jedwali la rangi zinaweza kutumika leo hii bila kusubiri idhini. Dhaifu kuliko zote ni jina la kazi yenyewe, kwani "picha ya punje" humwelekeza msomaji asiyeijua kwenye picha zinazotengenezwa kwa mahindi na maharage, na mwenye jina bora zaidi anaombwa alipeleke kwenye mabaraza ya Kiswahili, BAKITA au BAKIZA, ambako mapendekezo ya namna hiyo hupokewa na kujadiliwa.