Redio na Safari ya Muziki wa Tanga

Historia ya muziki wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania huandikwa kwa majina ya waimbaji na wapigaji ala, ilhali mtangazaji wa redio, aliyeufikisha muziki huo kwa watu wasiowahi kuiona Tanga, hutajwa kwa nadra. Upungufu huo unastahili kurekebishwa, kwa kuwa safari ya nyimbo za Tanga kutoka klabu za mjini hadi bara haielezeki pasipo redio.

Mji wa Tanga ulikua kwa reli, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na kwa mkonge, ambao mashamba yake yalienea Muheza, Korogwe na Pangani na kuwavuta vibarua kutoka pande nyingi za bara. Wageni hao waliikuta pwani ikiwa na taarab, yaani ushairi unaoimbwa kwa kufuatana na ala, na baadhi yao wakawa miongoni mwa waasisi wa dansi, muziki wa bendi za magitaa na tarumbeta ulioathiriwa mno na rumba ya Kuba, iliyoingia Afrika Mashariki kwa santuri za mfululizo wa GV tangu miaka ya 1930. Bendi ya Jamhuri Jazz, mojawapo ya zile zilizoipa Tanga sifa, awali iliitwa Young Nyamwezi, jina linalodhihirisha mchango wa watu wa bara katika muziki unaohesabiwa leo kuwa wa pwani.

Dansi nayo iliigusa taarab. Katika miaka ya 1960 klabu ya Black Star iliachana na kundi kubwa la fidla lililozoeleka Unguja, ikaweka gitaa la umeme, gitaa la besi na ngoma zenye mapigo ya kuchezeka, huku beti zikibaki na vina na mizani yake. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, alivuma akiwa na Black Star na kisha Lucky Star, klabu iliyochipuka kutoka katika ile ya kwanza.

Wakati huohuo utangazaji ulikuwa ukipanuka. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951 kwa wasikilizaji wa jiji hilo, iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kama RTD. Bendi iliyotaka kusikika ilisafiri Nairobi kwenye kampuni za santuri, au ilirekodi katika studio za RTD zilizokuwa Barabara ya Pugu, ambako mashairi yalipitiwa kwanza, ndipo wimbo ukanaswa kwenye utepe na kukabidhiwa watangazaji.

Vipindi vya salamu ndivyo vilivyoufunga muziki huo na maisha ya watu. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akajaza jina lake, mahali alipo na orodha ya jamaa na marafiki, akaituma kwa posta. Mtangazaji aliyasoma majina hayo moja baada ya jingine, kisha akaweka wimbo, hata mtu wa Pangani aliyehamishiwa kikazi Tabora akasikia jina lake likifuatwa na sauti ya kwao.

Muziki huo ulivuka pia mipaka. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, walihamia Arusha na baadaye Mombasa, wakaasisi Simba Wanyika mwaka 1971, na kutoka humo ikazaliwa Les Wanyika mwaka 1978. Kwingineko duniani redio nayo ilisambaza muziki wa mahali: kipindi cha Hawaii Calls, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Webley Edwards, kiliutangaza muziki wa Hawaii kutoka hoteli ya Waikiki tangu mwaka 1935 hadi 1975, kikiwavutia watalii. Nyimbo za Tanga, kinyume chake, zilitangazwa kwa wananchi wenyewe, kwa lugha waliyoielewa.

Tepu za RTD ni hazina ya taifa, na kwa nyimbo ambazo hazikupata santuri huenda ndizo kumbukumbu pekee. Kuzihifadhi ni wajibu wa wote, na kila mtangazaji wa leo anayeurusha wimbo wa zamani hana budi kumtaja mtunzi, mwimbaji na mji wake, kwa maana wimbo usiotajwa mwenyewe hupotea ungali unapigwa.