Hakuna Mtu Kule

Siku moja nilikuwa stendi ya Arua, nasubiri gari la Koboko lijae. Kijana mmoja tunayefahamiana, mfanyakazi wa shirika, akakaa karibu yangu. Alikuwa ametoka likizo Tanzania. Akanionyesha picha kwenye simu: kreta ya Ngorongoro, nyumbu wengi, simba amelala njiani, na kwa mbali kifaru mweusi.

"Mama, kule ni paradiso," akasema. "Hakuna mtu. Wanyama tu."

Picha zilinifurahisha. Lakini hayo maneno, hakuna mtu, nilipanda nayo gari mpaka Koboko, nikashuka nayo mpaka kwangu Lobule.

Ngorongoro ni volkano iliyobomoka yenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, likabaki shimo lenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600. Ndani kuna maji na majani, ndiyo maana wanyama wanakaa. Watu nao walikaa kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1959 serikali ya Waingereza iliwatoa Wamasai Serengeti, pakabaki pa wanyama, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo watu na wanyama wataishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini, ndani ya kreta, wakaondolewa. Tangu 2022 maelfu wengine wamehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari yao; Wamasai wengi wanakataa. Kwa hiyo picha haikudanganya. Chini ya kreta hakuna boma la mtu. Ila picha haisemi kwa nini.

Sasa turudi huku kwetu West Nile, maana na sisi tuna historia ya safari za wanyama. Januari 1910 Theodore Roosevelt, miezi kumi tu baada ya kuacha urais wa Marekani, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile. Alikuwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian. Walikuja kutafuta kifaru mweupe. Baba na mwana wakaua tisa. Kutoka enzi hizo za wawindaji ndiko linakotoka jina ambalo wengi wetu tunalo kwenye karatasi zetu: Rhino Camp, yaani kambi ya kifaru.

Wakati ule nchi hii iliitwa Lado, na ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa amekufa mwezi mmoja tu kabla. Mwaka huohuo wa 1910 ikarudishwa Sudan, na 1914 sehemu hii ya kusini ikaingizwa Uganda. Wakakwa wakajikuta wamegawanyika: wengine Uganda, wengine Kongo, wengine Sudan. Hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliowahamia wao.

Na vifaru? Bunduki ziliwamaliza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Upande wetu wa Kongo, kwenye mbuga ya Garamba, walidumu kidogo, nao wakaisha. Dume wa mwisho wa aina hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya Machi 2018. Wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu. Mwaka 2023 Garamba ililetewa vifaru weupe 16 wa aina ya kusini kutoka Afrika Kusini. Niliposikia nilicheka: kumbe na wao wamepewa usafiri, ulinzi na mahali pa kukaa. Wahamiaji wenzetu!

Basi tazameni. Kwenye kreta, watu walitolewa wanyama wabaki. Rhino Camp, wanyama waliisha na watu wakaletwa. Lakini maneno ni yaleyale: "Palikuwa patupu." Wawindaji walisema hivyo, watalii wanasema hivyo, na sisi wakimbizi pia tunasema. Mimi mwenyewe nilisema.

Mwaka wangu wa kwanza Lobule nilikata mti nyuma ya kiwanja changu, nipate kuni. Niliona pori tu. Jioni akaja mzee wa Kikakwa, mwenyeji wetu. Hakupiga kelele. Alisimama akiangalia kisiki, akasema, "Binti yangu, chini ya mti huu tulimzika baba." Niliishiwa maneno. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akanipokea, lakini kisiki kipo mpaka leo, na kila nikipita nakiona.

Ardhi hii tunayolima ni ya watu. Wenyeji waliitoa wao, na kabla hatujafika ilikuwa na njia zao, makaburi yao na majina yao. Ugomvi mwingi wa kuni na majani ya kuezekea unaanzia hapo: mmoja anaona pori, mwenzake anaona kwa babu yake.

Ndugu zangu, kabla ya kukata, tuulize. Nanyi mnaotuandikia ripoti, msiandike kwamba palikuwa patupu. Yule kijana nikimwona tena Arua nitamwomba anionyeshe zile picha kwa mara ya pili. Safari hii nitamuuliza: hapo alipolala simba, nani aliwahi kuchunga ng'ombe?