NANI ABEBE GHARAMA YA MZIGO?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, siku hizi watu huuziana vitu bila ya kuonana. Mtu wa Tanga huonyesha cherehani yake kuukuu katika simu, mtu wa Mwanza akaipenda, na bei ikakubaliwa. Cherehani ikipelekwa kupimwa kwenye ofisi ya mabasi, nauli ya mzigo huonekana imekaribia nusu ya bei. Muuzaji husema: "Nimeuza cherehani, sikuuza safari." Mnunuzi naye hujibu: "Nilidhani bei ni mpaka mlangoni kwangu." Hapo maneno huchacha, na huenda kila mmoja akamwona mwenziwe ni mwizi. Lakini jambo hili si geni katika historia ya Uislamu.

Jabir bin Abdillah (R.A.) alikuwa akirejea Madina pamoja na Bwana Mtume (S.A.W.), na ngamia wake amechoka. Mtume akamwombea dua, ngamia akaenda mbio; kisha akataka kumnunua. Jabir akakubali kumuuza, lakini akashurutisha ampande mpaka afike Madina. Zingatieni kwamba safari ilitajwa pale pale ilipotajwa bei. Imamu Bukhari ameipokea hadithi hii katika Kitabu cha Masharti. Maimamu wamekhitalifiana juu ya hukumu ya sharti la namna hiyo, na Imamu Ahmad bin Hanbal ni miongoni mwa waliolijuzisha.

Karne nyingi baadaye, katika dola ya Kituruki, baraza la wanazuoni chini ya Ahmed Cevdet Pasha lilikusanya hukumu za madhehebu ya Hanafi katika Majalla, baina ya mwaka 1869 na 1876. Humo mas-ala yetu yamepangwa wazi. Ikiwa hapana sharti, kitu hukabidhiwa pale kilipokuwa wakati wa kuuzwa: aliyeko Istanbul akiuza ngano yake iliyoko Tekirdağ, huikabidhi huko Tekirdağ. Ikishurutishwa mahali maalumu, hapana budi ifikishwe hapo. Ujira wa kupima bidhaa ni juu ya muuzaji. Kuni na makaa yaliyopakiwa juu ya mnyama, ada ya mji ndiyo iamuayo kama yatafikishwa nyumbani kwa mnunuzi. Na mnunuzi asiyejua bidhaa iko wapi, akaja kujua baada ya mapatano, ana hiari: aipokee huko iliko, au avunje biashara.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunamfuata Imamu Shafii, na Majalla haikuwa sheria yetu. Lakini hekima yake yatufaa. Kama muuzaji aliahidi kufikisha, nauli ni yake hata ikimuuma. Kama mnunuzi alijua kitu kiko Tanga na hapakutajwa uchukuzi wala hapana ada inayojulikana, asimtwike muuzaji mzigo asioukubali. Na kama muuzaji alificha mahali kilipo, au uzito alioujua, basi mnunuzi apewe hiari na arudishiwe fedha zake bila ya kuzungushwa. Ama ikiwa wote wawili hawakujua, na wasulihiane: wagawane gharama, au waachane kwa wema. Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, yatukataza kula mali kwa batili na yataka biashara iwe ya kuridhiana. Na mtu huridhia vipi gharama aliyofichwa?

Ndugu zangu, hadithi ya Jabir ina mwisho wake. Walipofika Madina, Mtume (S.A.W.) alimlipa bei kamili, kisha akamrudishia na ngamia wake. Kulipa kulikuwa ni uadilifu. Kumrudishia kulikuwa ni ihsani. Asiyeweza kupanda daraja ile ya pili, asishuke chini ya ile ya kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli kabla ya kupeana mikono, na kusameheana baada yake. Amin.