Kigae, sahani za bibi na ukuta wa jikoni

Neno kigae lina visa vyake. Kwa wazee wetu kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Ulikiokota uani, ukachukulia makaa ya moto kwa jirani, au ukafukizia ubani, basi. Leo kigae kinauzwa kwa boksi na kinakaa dukani chini ya taa kama dhahabu. Wengine wanakiita marumaru, ingawa marumaru yenyewe ni jiwe. Mafundi wengi wanasema tailizi na hawana muda wa kubishana na kamusi.

Nimeingia kwenye mambo haya kwa sababu ya nyumbani. Mama anatengeneza jiko lake kule Tanga. Ukuta ulio nyuma ya jiko la gesi na sinki umechoka kabisa, rangi imebabuka, mafuta yameingia mpaka ndani ya lipu. Kwa hiyo anataka vigae pale, kama kila mtu siku hizi. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni sahani za bibi.

Bibi alipofariki aliacha sahani sita za maua ya bluu kwenye weupe. Ndugu wamekuwa wakiziulizia tangu siku ya arobaini. Mama akapata wazo: fundi azipachike ukutani katikati ya vigae, juu ya jiko, azizungushie saruji, mambo yaishe. "Zikishakuwa ukuta hakuna wa kuzigombea," ndivyo alivyosema. Mjomba akaja juu. Kwake yeye sahani ni za ukoo na nyumba ni ya mama peke yake, na kumwagia saruji mali ya ukoo ni kuila kwa ujanja. Akaongeza kwamba hayo mapambo ya jikoni ni uzungu tu. Mama akanipigia simu Dar: "Wewe si mwandishi wa habari? Hebu tafuta watu wa zamani walifanyaje."

Haya, nikatafuta. Na ajabu ni kwamba sikuhitaji kwenda mbali. Kusini mwa Tanga, mwendo mfupi tu kwa gari, kuna magofu ya Tongoni. Mji huo zamani uliitwa Mtangata, na Vasco da Gama aliupitia. Mwaka 1499, akirudi kutoka India, mabaharia wake wakiwa wamepukutika kwa maradhi, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, karibu na hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Pale Tongoni pana msikiti ulioanguka na makaburi kiasi cha 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizitazama nguzo hizo utaona vishimo vya duara. Hivyo si vidirisha. Ni mahali zilipokuwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyopachikwa kwenye chokaa ikiwa mbichi.

Kuna jambo jingine pale linalonisisimua zaidi. Richard Burton, yule msafiri wa Kiingereza, alipita Tongoni mwaka 1857 na akaandika kwamba aliona kaburi lenye kigae kilichong'arishwa, chenye maandishi ya Kiajemi. Kigae, jamani! Si bakuli, ni kigae cha ukutani, kilichovuka bahari kuja kwenye kaburi la Mswahili, miaka mingi kabla ya duka lolote la tailizi kufunguliwa Tanga. Leo ukienda hukikuti.

Tongoni haiko peke yake. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za China. Kilwa Kisiwani, ndani ya msikiti mdogo wenye makuba, mabakuli yalipachikwa mpaka kwenye dari, ili ukiinua macho uone rangi. Gedi, karibu na Malindi, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 na ambao mwaka 2024 uliingizwa kwenye urithi wa dunia, umetoa kauri za kigeni nyingi sana. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipotembelea pwani yetu mwaka 1955 alishangaa jinsi vipande vya kauri za China vilivyotapakaa kati ya Dar na Kilwa, akasema kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri hizo. Yaani kwa vigae, vile vya maana ya zamani. (Mimi nilipokuwa shule nilifundishwa historia hiyo kwa kukariri majina ya magavana.)

Basi nikampigia mama: wazo lako si geni, watu wa hapo jirani yako walilifanya miaka mia tano iliyopita. Akafurahi. Lakini nilikuwa sijamaliza, na nusu ya pili ya habari hiyo haikumfurahisha.

Ukiyatazama vizuri magofu hayo, sahani zilizozikwa kwenye chokaa ziko zaidi makaburini na misikitini. Ni za maiti na za Mungu. Walio hai je, majumbani mwao, waliziweka wapi? Jibu liko Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18. Kule ndani kabisa, chumba cha mwisho cha mwenye nyumba, ukuta mzima umejaa zidaka: vishubaka vidogo vya lipu iliyochongwa, safu juu ya safu. Katika zidaka ndimo zilimowekwa sahani, mabakuli, na vitu vingine vya thamani. Mtafiti Linda Donley, aliyefanya kazi Lamu, aliandika kwamba kauri zile hazikuwa urembo mtupu. Watu waliamini zinakinga husuda na jicho baya, ndiyo maana ziliwekwa pale wanawake walipozalia na maiti alipooshewa.

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili. Sahani ya kaburi imeshikwa na chokaa, haitoki. Sahani ya nyumba imekaa kwenye kidaka, unaiteremsha, unaipangusa, unampa binti akiolewa. Sidai kwamba ilikuwa sheria ya kila mji, lakini mimi naona mantiki kubwa ndani yake. Na tena tazama yaliyozipata zile za makaburini. Zilitamaniwa, watu wakazichokonoa kwa visu na nondo, na nyingi zilivunjika zikitolewa. Vishimo vya Tongoni ndiyo ushahidi. Mama anasema saruji itazuia ugomvi. Kule saruji haikumzuia mwizi, ilichofanya ni kuhakikisha hata mwizi haondoki na sahani nzima.

Sasa turudi kwa mjomba na uzungu wake. Hapa ana nusu ya ukweli. Ukuta wa jikoni wenye vigae vyeupe, vilivyopangwa kama matofali, huo kweli tumeuchukua nje, na si wa kale hata huko kwenyewe. Mwaka 1840 Mwingereza Richard Prosser alipata hataza ya kutengeneza vifungo vya nguo kwa kugandamiza unga mkavu wa udongo. Herbert Minton, mwenye kiwanda cha vyombo huko Stoke-on-Trent, akaona kwamba kinachotengeneza kifungo kinaweza kutengeneza kigae. Vigae vikawa vingi, vya kulingana, na vya bei ya chini kuliko vile vya kufinyanga mmoja mmoja kwa udongo mbichi.

Halafu ikaja hofu ya vijidudu. Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kutazama kuta zao kwa mashaka. Ukuta wa mbao unanywa uchafu. Ukuta wa kigae cheupe unaonyesha uchafu, na unaoshwa. Hospitali zikapiga vigae, mabucha yakapiga, maduka ya maziwa pia, kisha majiko ya nyumbani. Treni ya chini ya ardhi ya New York ilipofunguliwa Oktoba 1904, vituo vyake vilivalishwa vigae vyeupe vya inchi 3 kwa 6, na mpaka leo mtindo huo wa jikoni unaitwa kwa jina la treni hiyo. Kwa hiyo weupe tunaoufuata haukuanza kama urembo. Ulianza kama woga wa kifua kikuu. Huko Frankfurt mwaka 1926, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alipobuni jiko dogo maarufu la nyumba za wafanyakazi, kabati zilipakwa bluu ya kijani kwa kuaminiwa kwamba nzi hawaipendi rangi hiyo. Mafundi wa Tanga wangecheka. Nzi wa Tanga hawana ubaguzi wa rangi.

Lakini kabla ya weupe kulikuwa na bluu, na bluu hiyo ni ndefu kuliko mjomba anavyodhani. Wachina wa karne ya 14 walipakia kauri zao rangi ya kobalti iliyotoka Uajemi. Kauri hizo zikauzwa kila bahari, zikafika kwetu, na karne ya 17 Waholanzi wakazileta kwao kwa meli. China ilipovurugika baada ya kuanguka kwa ukoo wa Ming mwaka 1644, mzigo ukapungua, na wafinyanzi wa Delft wakapata soko kubwa kwa kuiga: sahani za bluu, na vigae vya bluu vya kupigwa kwenye meko na kwenye kuta za jikoni. Wareno nao wanasifika kwa vigae vyao, wanaviita azulejo, na neno lenyewe wamelitoa kwenye Kiarabu. Nani basi ni mwenye kitu hapa?

Nilipokwenda Tanga mwezi uliopita niliomba kuzigeuza sahani za bibi nitazame chini. Mama siku zote amesema ni za Kichina. Nne zilikuwa na muhuri, na muhuri unasema Maestricht. Ni mji wa Uholanzi ambao viwanda vyake, katika karne ya 19 na baadaye, vilitengeneza vyombo vya maua kwa ajili ya masoko ya mbali, pwani yetu ikiwamo. Nyumba nyingi za Zanzibar na Lamu zilijaza zidaka zao kwa vyombo vya Maastricht, kauri za kale za China zilipoadimika. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata kama. Bibi yako alikula humo." Sikuwa na jibu, na sidhani lilihitajika.

Fundi naye alikuwa na lake. Nilimweleza habari za Tongoni akasikiliza kwa adabu, halafu akamgeukia mama: "Mama, sahani ikishashikana na saruji haitoki nzima. Na pale juu ya moto itapata joto na kupoa kila siku. Mimi naweza kuipachika, lakini ikipasuka usiniite." Kisha akatoa futi, tukapima. Ukuta una urefu wa mita 2.4, na kutoka juu ya meza ya kupikia hadi chini ya kabati ni sentimita 60. Hiyo ni mita za mraba 1.44. Kwa vigae vya sentimita 10 kwa 20 ni vipande 72, ukiongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunja unafika 80. Akashauri tuanze kupanga kutoka katikati ya sinki kwenda pembeni, ili vipande vilivyokatwa viwe sawa kulia na kushoto, na tusiamini mstari wa meza bali pimamaji, kwa sababu meza ile imelala upande. Imelala kweli, kwa sentimita moja na kitu. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua.

Zidaka tuliziuliza pia. Fundi alikataa kuchimba ukuta, maana ni wa tofali za inchi 6 na upande wa pili kuna bomba la maji. Atajenga kwa nje, kwenye ukuta wa mlangoni mbali na moto, vishubaka vitano vya lipu vyenye kina cha sentimita 12. Sahani tano zitakaa humo, bila saruji. Ya sita ina ufa tangu enzi za bibi, haiwezi kubeba hata wali. Hiyo mama amekataa katakata kuiachia. Itapachikwa kati ya vigae vyeupe, upande wa sinki, mbali na moto.

Nilitaka vigae vya bluu, nikashindwa. Mama amechagua vyeupe, anasema anataka kuona uchafu ulipo. Koch angempa mkono.

Mjomba anakuja Jumamosi. Amekubali habari ya zidaka, ila amesema atazihesabu sahani kwanza, aandike idadi kwenye daftari, na kila mwenye haki aweke sahihi. Ya sita bado wanaijadili.