Santana ya Anting

Santana, gari lililokuwa teksi ya Shanghai kwa miaka mingi, lilitengenezwa Anting, mji mdogo wa wilaya ya Jiading, kaskazini-magharibi mwa jiji hilo. Kabla ya Wajerumani wa kampuni ya Volkswagen kufika, Anting palikuwa na kiwanda cha serikali kilichotengeneza gari la Shanghai SH760, lenye umbo lililoigwa kwa Mercedes-Benz ya miaka ya 1950. Mwanzoni mabati mengi ya bodi yake yalikunjwa kwa nyundo, na waliolipanda hasa walikuwa maofisa wa serikali.

China ilipofungua milango ya uchumi wake mwishoni mwa miaka ya 1970, ilitafuta mbia wa kigeni wa kutengeneza magari madogo. Kampuni kadhaa kubwa zilisita; Volkswagen ikakubali. Aprili 1983 Santana ya kwanza iliunganishwa Anting kwa vipuri vilivyotoka Ujerumani. Mkataba wa ubia ulitiwa saini Beijing Oktoba 1984, Kansela Helmut Kohl akishuhudia. Volkswagen ilipata nusu ya hisa. Nusu nyingine ilikwenda kwa kampuni ya magari ya Shanghai, Benki ya China na shirika la taifa la magari. Uzalishaji wa kampuni hiyo ya ubia ulianza mwaka 1985.

Hata hivyo, gari hilo lilikuwa la Kichina kwa jina tu. Kufikia mwaka 1987, vipuri vilivyotengenezwa nchini havikufika asilimia 3: tairi, redio, antena na vitu vichache vya aina hiyo. Injini, giaboksi na karibu kila kitu kingine vilikuja kwa meli na kulipiwa fedha za kigeni, ambazo nchi ilikuwa nazo kidogo. Viwanda vya Shanghai vilivyotakiwa kuziba pengo vilikuwa na mashine kuukuu, na Volkswagen haikupokea kipuri ambacho hakijafaulu majaribio yake. Zhu Rongji, aliyekuwa meya tangu 1988, alishikilia kwamba viwango visilegezwe. Jiji likatoza yuan 28,000 juu ya bei ya kila Santana, na fedha hizo zikakopeshwa viwanda vya vipuri vinunue mitambo. Mnunuzi aliumia, kwa kuwa alilipa bei kubwa kwa gari la muundo wa zamani, lakini tozo hiyo ndiyo iliyojenga sekta nzima ya vipuri. Katikati ya miaka ya 1990 sehemu kubwa ya gari ilikuwa ikitengenezwa China.

SH760 lilikoma mwaka 1991. Mwaka 1995 likaja Santana 2000, lililorefushwa kwa ajili ya abiria wa nyuma na kubuniwa kwa kushirikiana na wahandisi wa Volkswagen wa Brazili. Santana ya awali na matoleo yake ilifikia mwisho mwaka 2012, baada ya kutengenezwa magari zaidi ya milioni 3. Mwaka huohuo Santana mpya ikaanza kutoka kiwanda cha Yizheng, mkoani Jiangsu.